Re: Kujua unaota na bado uko ndotoni, ni akili ama ni mapepo?

Buda tulia, si mapepo. Umesema uliota uko kwa matatu ya Rongai, konda hana uso, ghafla ukajua hii ni ndoto na bado hukuamka. Mholanzi mmoja, Frederik van Eeden, aliipatia hiyo kitu jina la lucid dream 1913, lakini kwa miaka mingi wasomi walibisha eti ni mtu ameamka kidogo tu. Mpaka 1975, kule Hull Uingereza, mtafiti Keith Hearne akamwambia jamaa anaitwa Alan Worsley ukijua unaota sogeza macho kushoto kulia, kwa sababu usingizi wa REM (ile hatua ya ndoto nyingi) unalegeza mwili wote karibu lakini macho hapana, na mashine ikanasa hiyo ishara akiwa amelala fofofo.

Sasa kwa nini inatokea? Mimi naenda na watafiti wa usingizi Allan Hobson na Ursula Voss: kwa ndoto ya kawaida ile sehemu ya mbele ya ubongo, ya kujihoji, imezima kiasi, ndio maana konda bila uso unampea tu fare na kungoja chenji 😂. Ikiwaka nusu unabaki usingizini lakini unajicheki. Stephen LaBerge, mtafiti mwingine aliyefanya kazi chuo cha Stanford, yeye anaichukulia kama ujuzi, ukienda kulala unajikumbusha nikiota nitajua naota. Nilijaribu wiki mbili hivi, ikaja mara moja, nikafurahi sana mpaka nikaamka hapo hapo.