Ukienda kuvua kwa flai, kaa kwanza uangalie maji

Marafiki huniuliza mbona napanda mpaka Aberdare, baridi yote ile, kutafuta trauti, samaki wa mito ya baridi, ambaye mara nyingi nikimshika namrudisha majini. Ni kwa sababu hakuna pahali kichwa changu hutulia kama pale mto Gura. Na kwa kweli vile nimejifunza kwa huo mto nimevitumia nyumbani kuliko nilivyovitumia kwa samaki.

Kwa wale hawajui, kuvua kwa flai si ile ya kuweka mnyoo kwa ndoano ungoje. Flai ni mdudu wa bandia, manyoya na uzi vimefungwa kwa kandoano kadogo, na hapa Kenya tuna mafundi wanazifunga kwa mkono mpaka zinauzwa nje ya nchi. Ni nyepesi mno, haiwezi kwenda mbali yenyewe, kwa hivyo kinachoibeba ni uzito wa mshipi. Unarudisha mshipi nyuma, unangoja unyooke wote hewani, ndio sasa unasukuma mbele. Pale pa kungoja ndio wengi hushindwa, wanaharakisha, wanaongeza nguvu, na mshipi unaanguka kama rundo ama unashikwa na matawi. Nguvu haisaidii kitu hapo.

Lakini kurusha si kitu ya kwanza. Ukifika mtoni weka fimbo ya kuvulia chini. Ingiza mkono kwa maji, inua jiwe, ligeuze uangalie chini yake. Utaona vidudu vimejishikilia, vingine vina mikia mitatu, vingine vimejijengea vinyumba vya mchanga na vijiti. Hicho ndio chakula cha trauti, na flai yako inafaa ifanane na kile kiko pale, si ile imekupendeza dukani. Halafu angalia maji yanavyopita. Trauti hukaa ameelekeza kichwa juu mto unakotoka, nyuma ya jiwe ama pembeni ya mkondo, mahali maji yanapita polepole ndio asichoke na chakula bado kinampitia karibu, kwa hivyo mwendee kutoka chini, polepole, na kivuli chako kisimfikie.

Kuna wakati nilikua nimejaa maneno ya kumwambia ndugu yangu juu ya shamba la baba, nimeyapanga yote, simu iko mfukoni. Asubuhi yote nikashinda nikigeuza mawe tu, na nikirudi mjini nikampigia nikamuuliza kwanza anaendeleaje. Ndio nikajua watoto wake wamerudishwa nyumbani kwa sababu ya fees na ndio maana alikua anasukuma tuuze kipande. Shamba tuliliongea baadaye sana, na tuliongea vizuri.

Trauti mwenyewe ni mgeni huku. Mwaka wa 1905 Ewart Grogan, mlowezi Mwingereza, alileta wale wa kahawia kutoka Loch Leven kule Scotland akawaweka kwa Gura, halafu baadaye wakaja wale wa upinde wa mvua. Wakashika mito ya Aberdare na ya Mlima Kenya, Thego, Sagana, Naro Moru, Ragati, kwa sababu wanataka maji baridi yenye hewa nyingi na huko juu yapo. Nampenda sana huyu samaki, lakini naomba mtu asimbebe kumpeleka kwa kijito ambacho hayuko. Viumbe wa pale hawajamzoea.

Kitu inaniuma ni hii: shuka na huo mto mpaka mahali watu wamelima hadi ukingoni, kisha inua jiwe. Tope limejaa chini yake na vile vidudu vingi haviko. Huko juu msituni, kwa mianzi, jiwe hilo hilo limejaa uhai. Sihitaji mtu anieleze kazi ya msitu baada ya kuona hivyo kwa macho yangu. Kama una watoto wapeleke kwa mto wa kwenu, hata usio na trauti, wageuze mawe wahesabu aina za wadudu halafu warudishe kila jiwe lilivyokua, utashangaa maswali watakuuliza.

Ukishika na unataka kumwachilia, lowesha mikono kabla ya kumgusa maana mikono mikavu inamtoa ute unaomkinga, bana kwa koleo ule mwiba mdogo wa ndoano unaoelekea nyuma kabla hujaanza kuvua, na umshikilie ndani ya maji akielekea mkondo mpaka aende mwenyewe. Masika usijisumbue, maji yamechafuka, Januari na Februari ni bora zaidi. Uliza leseni mapema, na ukiingia ndani ya mbuga omba askari wa wanyama akusindikize, kwa sababu ukiwa umeinamia maji huwezi kuskia nyati akitoka kichakani.