Kabla hujanunua hisa za kampuni ya mafuta ya kupashia joto nyumba

Ndugu, nimekuelewa: mshauri anataka uweke akiba yako kwenye kampuni inayosambaza mafuta ya kupashia joto nyumba kule Maine, Marekani, na majimbo jirani, kwa hoja kwamba baridi haikosi na gawio (faida wanayogawiwa wenye hisa) ni nono. Baridi haikosi, kweli. Ila faida inategemea idadi ya wateja, galoni zinazouzwa, na tofauti ya bei ya kununulia na kuuzia.

Anza na wateja. Muulize walikuwa wangapi miaka mitano iliyopita na leo ni wangapi, ukiondoa waliopatikana kwa kununua washindani. Maine ililenga kufunga pampu za joto 100,000 (mitambo ya umeme inayopasha nyumba joto badala ya mafuta) kufikia 2025, ikatimiza lengo hilo 2023. Nyumba ikishabadili, haimrudii muuza mafuta kirahisi.

Halafu, makadirio yake yametumia msimu gani? Kama ni mmoja mkali, arudie hesabu kwa msimu wa baridi hafifu, na kwa mafuta yaliyopanda ghafla. Mwaka 2004 bei ilipanda, wateja wakahama, Star Gas, kampuni ya Marekani ya mafuta haya, ikasitisha gawio na thamani yake sokoni ikaporomoka.

Angalia pia madeni: je, gawio linalipwa kwa mapato au kwa mkopo? (Na kamisheni ya mshauri inatoka kwa nani? Uliza bila haya.)

Baadhi ya kampuni hizi ni za ubia, na makato ya kodi Marekani yanaweza kuwa makubwa kwa asiye mkazi. Muone mhasibu wa kodi kabla ya kusaini. Kama akiba hiyo ni ada ya watoto ya mwakani, usiiguse.