Skana na UPS zinapozuiwa na kichujio cha barua taka

Mkuu, kama barua pepe za watu zinapita ila zinazotumwa na skana na UPS (kifaa cha umeme wa akiba) ndizo zinazotupwa kwenye taka, usianze kwa kuiruhusu anwani ya mtumaji. Anwani hughushiwa na yeyote. Ruhusu IP, yaani namba ya kifaa kwenye mtandao.

Vipe vifaa IP za kudumu, halafu ziandike kwenye mynetworks, orodha ya IP zinazoaminiwa na Postfix (programu ya seva ya barua). Usiingize 192.168.0.0/16 nzima, yaani anwani zote za ndani zinazoanza na 192.168, kwa uvivu. Kompyuta moja ikipata virusi, seva yako inageuka bomba la taka. Hakikisha pia permit_mynetworks (ruhusa ya orodha hiyo) inatangulia reject zote kwenye smtpd_helo_restrictions, masharti ya jinsi kifaa kinavyojitambulisha kwa seva, maana vifaa hivi hujitambulisha kwa majina ya ajabu yasiyo na kikoa na hukataliwa hata kabla kichujio hakijaiona barua.

SpamAssassin, yaani kichujio chenyewe, ina orodha yake, haisomi ya Postfix. Weka IP zilezile kwenye trusted_networks ndani ya local.cf, faili lake la mipangilio (na IP ya seva yenyewe, wengi huisahau), kisha washa upya huduma. Kanuni ya ALL_TRUSTED, inayotambua barua iliyopita kwenye IP za kuaminika tu, itapunguza alama 1 ya utaka. Kizingiti cha kawaida cha kuhesabiwa taka ni 5, kwa hiyo huenda isitoshe.

Hapo soma X-Spam-Status, mstari kwenye kichwa cha barua unaoorodhesha kanuni zilizoigusa, ujue kanuni gani inakuumiza. Kwetu ilikuwa DATE_IN_PAST_96_XX (tarehe ya barua imepitwa kwa saa 96 au zaidi): umeme ulikatika, saa ya printa yetu yenye skana ikarudi mwaka 2000, na kila hati iliyoskaniwa ikaonekana ya zama hizo. Tuliielekeza kwenye seva ya NTP, inayorekebisha saa kupitia mtandao, mchezo ukaisha bila kugusa kichujio.