Je, Kampuni Tanzu ya Edison Iliyovunjwa 1886 Ilikuwa Imefilisika?

Swali: Edison Company for Isolated Lighting ya Marekani, iliyoundwa 1881, ilitoweka mwishoni mwa 1886 ilhali mitambo yake bado ilikuwa ikinunuliwa. Je, ilifilisika? Na kwa nini kampuni mama, Edison Electric Light, haikuvunjwa nayo ilipotwaliwa na Edison General Electric mwaka 1889?

Jibu: Haikufilisika. Kufilisika ni kushindwa kulipa madeni. Kuvunjwa ni kukomeshwa kwa uhai wa kampuni kisheria, na hata yenye fedha tele huvunjwa wanahisa wakiamua. Tanzu hii iliunganishwa na mama yake.

Katika kazi yangu ya ufilisi, kabla ya kuhesabu madeni huuliza kwanza kampuni inamiliki kitu gani kisichohamishika bila hasara. Tanzu hii iliwauzia wenye viwanda, meli na hoteli mitambo ya kujizalishia umeme, kwa mfano dainamo ya aina ya Z, iliyozungushwa kwa mkanda kutoka kwenye injini ya mvuke na kuwasha taa 60, kila moja ikiwa na nuru ya mishumaa 16. Lakini dainamo zilitengenezwa na Edison Machine Works, na hataza, yaani haki ya kisheria ya pekee juu ya uvumbuzi, ilikuwa mikononi mwa mama. Vitu vya namna iliyobaki kwa tanzu, yaani leseni, mikataba, bidhaa za ghalani na fedha inazowadai wateja, huhamishika vyote. Wadai hulipwa, au mama hukubali kwa maandishi kuyabeba madeni yao. Hisa za mama ndani ya tanzu hufutwa. Wanahisa wa nje hulipwa au hupewa hisa za mama. Hawa wa mwisho ndio ninaowahofia kila mara, kwa sababu bei ya hisa zao huelekea kupangwa na mwenye kura nyingi, na ndiyo maana ni lazima mthamini asiwe mtu wake.

Mama alikuwa na jambo jingine kabisa: hataza namba 223,898 ya taa, iliyotolewa Januari 1880, na kesi iliyofunguliwa 1885 kwa jina lake dhidi ya United States Electric Lighting. Kwa maoni yangu, kuivunja kampuni iliyofungua kesi katikati ya shauri kama hilo kungempa mshtakiwa hoja ya bure. Edison Electric Light ilishinda 1891 na tena katika rufaa 1892, na hata 1893, General Electric, mrithi wa Edison General Electric, ikiwa imekwisha kuundwa, kesi za hataza hiyo ziliendelea kwa jina lilelile.