Kabla hujanunua cherehani ya zamani

Ukiniuliza ununue cherehani gani ya zamani, nitakujibu kwa swali: bobini zake, zile za kuzungushia uzi wa chini, utazinunua wapi? Najua umekuja na picha kwenye simu, kichwa cheusi chenye maua ya dhahabu na stendi ya chuma iliyonakshiwa, na ulitaka nikisifie. Ni kizuri. Ila cherehani hufanya kazi kwa vitu vidogo vinavyochakaa na kupotea: bobini, kikasha chake, sindano, mkanda. Vikikosekana kwenye maduka ya vifaa vya mafundi mjini kwenu, ulichonunua ni pambo la sebuleni, na cherehani bado hujapata.

Kwa aliyeko Tanzania au Kenya, mimi ningesema atafute Singer namba 15 au jamaa zake. Ukisikia mtu anaiita 15K, hiyo K ni ya Kilbowie, kiwanda cha Singer cha Clydebank, Uskoti, kilichofunguliwa mwaka 1885 na kufungwa 1980. (Kilikuwa kikubwa hata kikawa na stesheni yake ya reli. Kiwanda hakipo tena, lakini stesheni inaitwa Singer hadi leo.) Baada ya Vita Kuu ya Pili Wajapani walitengeneza mashine nyingi sana kwa mfano wa hiyo 15, Wachina nao wakafuata, na Butterfly ya Shanghai unayoiona kwenye vibaraza vya mafundi, ile yenye alama JA2-1, ni ya ukoo huohuo. Ndiyo maana bobini na kikasha unavyonunua Kariakoo kwa ajili ya Butterfly mara nyingi vinaingia kwenye Singer aliyoacha bibi yako bila ugomvi.

Kuitambua hakuhitaji kusoma maandishi. Fungua kibati kinachoteleza karibu na sindano uangalie bobini inakaaje. Kwenye 15 bobini ni ya duara, iko ndani ya kikasha kilichosimama wima, na unakichomoa kutoka chini upande wa kushoto. Kwenye Singer 66 na ndogo yake, 99, bobini hulala na unaidondosha kutoka juu. Hizo ni mashine nzuri, lakini bobini yake si sawa na ya 15, hata kama kwa macho zinafanana, na ukiilazimisha utaua mshono. Ukikuta bobini ndefu nyembamba ndani ya chombo chenye umbo la risasi kinachokwenda mbele na nyuma, hiyo ni ya jamii ya 27, 28, 127 au 128. Inashona vizuri ajabu, lakini kama ile risasi haipo, acha. Usidanganywe na anayekuambia utaipata tu.

Umri usikubabaishe. Namba iliyogongwa kwenye chuma cha chini, upande wa gurudumu, inasaidia kujua ilitoka lini: za Singer zisizo na herufi mbele ni za kabla ya mwaka 1900, na herufi zilianza hapo. Lakini kuwa na miaka mia hakuifanyi kuwa adimu. Zilitengenezwa mamilioni kwa mamilioni, kwa hiyo anayekutajia bei ya kiwanja kwa sababu "hii ni ya Mwingereza" anauza hadithi. Na hadithi mbaya kuliko zote ni ile ya zebaki nyekundu. Mwaka 2009 uvumi ulienea Saudi Arabia kwamba ndani ya Singer za zamani kuna zebaki nyekundu yenye thamani kubwa, na magazeti yakaandika kuwa kuna waliotaka hadi riyali 200,000 kwa mashine moja. Watu walikuwa wakisogeza simu karibu na sindano kuona kama mtandao utakatika. Humo ndani hamna zebaki, kuna chuma na mafuta. Mtu akikuletea habari hiyo, ongeza mwendo.

Nzuri zaidi hupatikana kwenye nyumba, si dukani. Fundi mzee amestaafu, watoto hawashoni, mashine imegeuzwa meza ya televisheni. Ulizia misikitini, makanisani, kwenye vikundi vya kina mama. Kwa wanunuzi wa vyuma chakavu pia pita, si lazima kwa ajili ya mashine nzima: kichwa kilichovunjika kinaweza kukupa gurudumu, skrubu na vibati ambavyo hutavipata kwingine.

Ukienda kuikagua, beba vipande vyako vya nguo: kanga, khaki ya sare za shule, na jinzi iliyokunjwa mara nne. Kwanza zungusha gurudumu kwa mkono bila uzi, sehemu ya juu ikija upande wako. Iwe nyepesi, isigonge mahali. Shika nondo ya sindano uitikise: ikicheza sana kushoto na kulia, imelika. Pitisha kidole kwenye meno yanayosukuma kitambaa, yawe bado makali. Gurudumu likizunguka na sindano haiendi, usishtuke. Kile kitufe kikubwa katikati ya gurudumu kimelegezwa, kama tunavyofanya tukijaza bobini, na kukikaza ni kazi ya sekunde. Kuna mashine zilizouzwa kama mbovu kwa sababu hiyo tu. Kumwambia muuzaji kabla au baada ya kupatana bei, hilo nakuachia wewe na dhamiri yako.

Iliyoganda kabisa pia si maiti. Mara nyingi ni mafuta ya zamani yaliyogeuka gundi, hasa pale mtu alipotia mafuta ya kupikia. Tia mafuta ya taa kwenye kila tundu na kila kiungo, iache ilale, kesho yake tikisa gurudumu polepole mbele na nyuma. Usitumie nguvu. Ikishaachia, pangusa, kisha tia mafuta halisi ya cherehani kwa wingi, kwa sababu mafuta ya taa huacha chuma kikavu, na kwa sisi wa pwani hewa ya chumvi haichelewi kuleta kutu. Maua ya dhahabu yasafishe kwa mafuta hayohayo ya cherehani na kitambaa laini. Spiriti iweke mbali, inayeyusha vanishi ya juu na maua yanaondoka nayo.

Sasa sindano. Hapa ndipo wanaoanza wanapoteza wiki nzima na kuilaumu mashine. Mashine za ukoo wa 15 hutumia sindano ya nyumbani, HAx1 au 15x1, ambayo shina lake lina upande mmoja bapa. Dukani zimepangwa pembeni ya DBx1, yenye shina la mviringo, ambayo ni ya mashine za viwandani. Ukichukua hiyo, cherehani itaruka mishono na utafungua kila skrubu bure. Ukishapata ya kweli, iangalie vizuri: upande mmoja una mfereji mrefu, na upande ule bapa uko kinyume chake. Uzi huingia kwenye tundu kutoka upande wa mfereji. Ukitaka kujua mfereji ukae wapi, tazama kile kishikizo cha mwisho cha uzi juu ya sindano, upande kilipo ndiko uzi unakoingilia. Sukuma sindano hadi igote juu ndipo ukaze. Namba 14 inatosha kwa kanga na vitenge vingi, 16 kwa khaki, 18 kwa jinzi. Na ibadilishe kabla haijavunjika, sindano iliyopinda kidogo tu ni chanzo cha nusu ya malalamiko ninayoyasikia.

Uzi ukijaa chini ya kitambaa, mwanafunzi huenda moja kwa moja kwenye bobini kuihangaisha. Kosa liko juu: uzi haukuingia katikati ya visahani vya kukazia, au uliupitisha mguu wa kubana ukiwa chini, visahani vimefunga. Inua mguu, vua uzi wote, anza upya. Ile skrubu ndogo ya kikasha cha bobini isiguswe hadi umejua unachofanya.

Kukanyaga kujifunze bila uzi na bila kitambaa, mguu mmoja ukitangulia mwingine kidogo. Anza kwa kuvuta gurudumu upande wako kwa mkono wa kulia, kisha miguu ifuate. Gurudumu likirudi nyuma uzi utakatika au kufungana, kwa hiyo usiweke uzi mpaka miguu iweze kuanza na kusimama bila kurudi. Mkanda mpya wa ngozi hurefuka, ukianza kuteleza ufupishe kidogo, lakini ukiubana mno utachoka magoti kabla ya saa sita mchana.

Kuhusu kufunga mota: subiri. Ya miguu inakufundisha mwendo wa polepole kwenye kona na kola, na umeme ukikatika wewe bado unashona. Kazi yako ya kwanza ya malipo iwe kupinda kanga. Ni mshono mrefu ulionyooka, mteja anaona kosa mara moja, na doti zinakuja kila siku. Jioni, kama umeshona kutwa, tia tone la mafuta kila tundu, zungusha, pangusa, halafu shona kwenye kitambaa chakavu kabla ya kufunika. Kanga ya mteja wa kesho asubuhi isiwe ndiyo ya kunyonya mafuta.