Ukwapi kwa Sauti, Utao kwa Nyuzi

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: "Mwimbaji wa asili anayejitungia nyimbo, aitwe mshairi au abaki mwanamuziki?" Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili hapa Kisumu, na ni mjukuu wa mpiga nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Wajaluo. Jibu langu: aitwe mshairi, bila kupunguziwa cheo. Naomba nafasi ndefu kidogo ya kueleza, maana hata wanaokubaliana nami huutafuta ushairi wake kwenye maneno peke yake, wakakuta nusu tu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa jathum, ndivyo Wajaluo tunavyomwita mwenye kazi hiyo. Alikaa kwenye kigoda kifupi, nyatiti imelazwa ubavu mbele yake, mguu wa kulia ameunyoosha. Kwenye kidole gumba cha mguu huo alivaa pete nzito ya chuma, oduong'o, akiigonga kwenye mti wa nyatiti. Mguuni alifunga njuga, gara. Nyuzi zilikuwa nane. Zamani zilitengenezwa kwa mishipa ya ng'ombe, lakini zake zilikuwa za nailoni, ile ile ya kuvulia samaki. Mtu mmoja alikuwa ngoma, njuga, zeze na sauti, na nilipokuwa mdogo nilitazama ile pete kuliko nilivyomtazama uso.

Kazi yake kubwa ilikuwa matangani. Wengi wasiotoka huku hawajui kinachotokea pale. Katikati ya wimbo mtu huinuka, akatoa shilingi, na nyuzi zikanyamaza. Ndipo anajisifu: yeye ni nani, mama yake katoka wapi, yeye ni mamba wa mto gani, ni mti gani usioangushwa na upepo. Hiyo ndiyo pakruok. Watu wa pwani wanajua kumtunza mwimbaji wa taarabu. Huku kwetu anayetoa pesa hununua nafasi ya kusema mwenyewe. Babu alisikiliza kichwa kimeinama, kidole kimoja kikigusa uzi bila kuupiga. Kisha akaanza tena, na yale majigambo ya jirani yakarudi ndani ya wimbo wa marehemu, yamefupishwa, yamepangwa upya. Wakati mwingine alitia neno moja la kumkumbusha mwenye majigambo kwamba hata yeye atalazwa chini. Hakuna aliyekuwa na kalamu. Ubeti ulizaliwa mbele ya macho yetu, na mwenye kuuzaa alikuwa amekesha bila usingizi.

Nilipokuwa shuleni niliandika katika insha kwamba babu yangu ni mshairi. Mwalimu wangu wa wakati huo alikata mstari huo kwa wino mwekundu, akaandika pembeni: "Mshairi ni aliyechapishwa." Sikumjibu. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilimheshimu, lakini maneno hayo yaliniuma, na nadhani ndiyo yaliyonifanya nifundishe ushairi.

Sasa nafika kwa mtu ambaye wasomaji wengi watakuwa wamemsikia. Ayub Ogada alizaliwa Mombasa mwaka 1956, akiitwa Job Seda. Sehemu ya utoto wake aliipitisha Chicago pamoja na wazazi wake, ambao nao walikuwa watu wa muziki. Mwaka 1979 alikuwa miongoni mwa walioanzisha African Heritage Band jijini Nairobi, bendi iliyochanganya ala za kienyeji na za kizungu. Mwaka 1986 akaenda Uingereza na nyatiti yake, akawa anapiga kwenye vituo vya reli ya chini ya ardhi jijini London, mbele ya watu wanaokimbilia kazini. Mwaka 1988 alipanda jukwaa la WOMAD, tamasha la muziki wa mataifa mbalimbali, na mwaka 1993 ikatoka albamu yake En Mana Kuoyo, yaani "ni mchanga tu". Baadaye alirudi nyumbani, na miaka yake ya mwisho aliishi Nyahera, nje kidogo ya mji wetu. Hapo ndipo alipofariki tarehe 1 Februari 2019.

Fikirieni wale abiria wa London. Hakuna hata mmoja aliyejua Kijaluo, lakini wapo waliosimama. Walisimamishwa na nini?

Kila mwaka, nikifika kwenye ushairi na Kidato cha Tatu, huandika ubaoni maneno ya Kothbiro, wimbo wake unaojulikana zaidi. Hayajazi hata robo ya ubao. Mtu anaitwa, anaambiwa mvua yaja, arudishe ng'ombe nyumbani. Wanafunzi huniuliza, "Mwalimu, ni hayo tu?" Nami hujibu ndiyo, kisha nawasikilizisha. Nyuzi zinatangulia peke yake kwa muda mrefu, hazina haraka. Sauti inaingia chini chini kama ya mtu anayezungumza na aliye karibu. Maneno yale yale yanarudi, tena na tena. Mara ya kwanza mvua ni mvua na ng'ombe ni ng'ombe. Yakirudi mara ya tatu, darasa limenyamaza. Mwaka jana nilipouliza mvua hiyo ni nini, msichana mmoja alisema ni habari mbaya iliyo njiani. Kijana wa kutoka nyanda za Kano, ambako mto Nyando hufurika na kuingia majumbani, alisema hapana, ni mvua yenyewe, na inatosha. Wote wawili niliwapa haki. Nje mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa vilima vya Nandi, na hakuna aliyetaka kengele igongwe.

Najua kuna watakaonijibu kwa arudhi, zile kanuni za vina na mizani. Mimi pia ni mtu wa arudhi. Napenda tarbia iliyotimia, mishororo minne, mizani kumi na sita, nane huku na nane kule, vina vimekaa sawa, na humwadhibu mwanafunzi anayekosea hesabu. Lakini tukumbuke kwamba tenzi zetu za pwani zilighaniwa kwa sauti mbele ya watu. Karatasi ilikuwa chombo cha kuhifadhia. Na ule ugomvi wa miaka ya 1970 kuhusu mashairi huru ulihusu walioandika kwa vina na walioandika bila vina. Jathum hakuwahi kuitwa atoe neno lake, ilhali yeye alikuwa na jambo la kuwaambia pande zote mbili.

Jambo lenyewe ni hili. Sikilizeni kwa makini mstari mmoja wa mpiga nyatiti. Anaimba silabi chache, kisha ananyamaza. Mstari haujaisha. Nyuzi zinaubeba mpaka mwisho, pete inahesabu, ndipo sauti inarudi. Wanafunzi wangu wanajua kwamba mshororo una ukwapi na utao, kipande cha kwanza na cha pili. Jathum huimba ukwapi, nyuzi zikajibu utao. Mizani ipo, sehemu yake imehesabiwa kwa mdomo na sehemu yake kwa vidole na kwa kidole cha mguu. Ukichukua maneno peke yake ukayaandika, umebeba nusu ya shairi, kisha unalaumu kwamba ni jepesi. Abiria wa London walipata nusu ile nyingine, na iliwatosha kuwasimamisha. Ndiyo maana nasema Ogada ni mshairi, na babu ni mshairi, na wapiga litungu wa Bungoma pia, ala nyingine ya nyuzi, ambao sina nafasi ya kuwaeleza hapa.

Babu alifariki kabla ya mtu yeyote kwetu kuwa na simu ya kurekodia. Nina daftari moja ambalo niliandika maneno ya wimbo wake mmoja, alioutunga kwa ajili ya dada yake aliyezama ziwani. Ni mistari sita. Kwa miaka mingi niliisoma na kuona imekauka, nikadhani kumbukumbu yangu imeiharibu.

Desemba iliyopita nilimsomea mjomba, kifungua mimba wa babu. Yeye hapigi nyatiti, hakujifunza kamwe. Lakini pete anayo, ameifunga kwenye kitambaa ndani ya sanduku la nguo. Aliitoa, akaishika mkononi, akaniambia nisome. Nilisoma mstari wa kwanza na kutaka kuendelea. Akainua kiganja, nisubiri. Akagonga mguu wa kiti kwa pete, taratibu, mara nne. Halafu akatikisa kichwa kunionyesha kwamba sasa naweza kusoma wa pili.