Mashine ya kuoshea vyombo ya miaka ya 70, nikiipeleka Dar itafanya kazi?

SWALI: Fundi habari za kazi. Niko Minnesota, nyumba tuliyohamia tumeikuta na mashine ya kuoshea vyombo ya miaka ya 70, ile ya kuzungusha kirungu. Inanguruma balaa ila lisaa limoja tu sahani safi, na mpya ya jirani inaenda masaa mawili na zaidi. Tunabadilisha jiko, nataka niitie kwenye kontena iende kwa mama Kigamboni. Mume wangu ananicheka. Nikiweka transfoma si itapiga kazi?

JIBU: Salama dada. Mwambie shemeji aache kucheka, hizo mashine zina wapenzi wake na mimi ni mmojawapo, ile "tak" ya taima ikiruka hatua naipenda mpaka kesho.

Ukifungua pale nyuma ya kirungu utakuta kimota kidogo kinazungusha ngoma yenye mabonde na vilima, na juu ya ngoma vimelala vijiulimi vya shaba. Ngoma inazunguka taratibu, ulimi mmoja unagusa mwenzake, valvu ya maji inafunguka, ngoma inasogea tena, ulimi unaachia, maji yanakata. Pampu hivyo hivyo, hita hivyo hivyo. Hakuna kompyuta wala sensa ya uchafu, ni saa tu inayotoa amri. Inawahi kumaliza kwa sababu inatumia maji mengi ya moto na inapiga kwa nguvu, za siku hizi zinabana maji na umeme ndo maana zinajivuta. (Wazo la kurusha maji kwa presha ni la mama mmoja wa Shelbyville, Illinois, Josephine Cochrane, alipata hataza (hati ya umiliki wa ubunifu) mwaka 1886.)

Sasa shida ndo hiyo saa. Transfoma inashusha volti 230 za Dar kuja 120 za huko, sawa, lakini hertz, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde, haizigusi, na kimota cha taima kinahesabu muda kwa hertz. Huko ni 60, Dar ni 50, kwa hiyo dakika 60 zinakuwa 72, pampu inapungua mwendo na mota inachemka kuliko kawaida. Na bila transfoma usithubutu, hita itavuta nguvu zaidi ya mara tatu na nusu, utaunguza nyumba ya mama.

Halafu maji. Mashine nyingi za hivyo zinataka presha ya psi 20 kwenda juu, simtank juu ya mnara wa mita 4 linakupa kama psi 6 hivi. Taima haijui kama maji yamefika au hayajafika, muda wa kujaza ukiisha inawasha pampu tu, pampu inameza hewa, sahani zinabaki na maharage yake. Na maji yenyewe inategemea yaje ya moto tayari, nyuzi 49 hivi, bomba la Kigamboni litaipa ya baridi.

Kwa hiyo usiisafirishe. Kama lazima itoke jikoni mpe mtu huko huko anayezikusanya, wapo, au angalau taima usitupe maana mpya hazipatikani. Ukiitoa funga koki chini ya sinki kwanza, uzime umeme wake kwenye breka, na yale maji yanayobaki chini ya pampu yakaushe kwa kitambaa, ukiiacha garaji na baridi la Minnesota yataganda yapasue pampu.